Mchele au feni, kaveera au ndoo: mvua ikikukuta Kampala unaokoa vitu vyako na nini

Mvua ya mwezi wa nne haina adabu. Nilikuwa natoka Nasser Road kuprinti karatasi zangu, jua linawaka vizuri tu, nikapanda boda kurudi Bwaise, tulipofika Wandegeya wingu likapasuka, jamaa wa boda akageuka akaniuliza "boss, tujikinge kidogo?" mimi nikamwambia hapana, piga tu, tumekaribia. Tumekaribia wapi! Kufika Kalerwe maji yananitiririka mpaka kwenye mifuko ya suruali, mgongoni nina begi lenye simu kubwa, katochi (ile simu ndogo ya vitufe) na bahasha ya vyeti, miguuni nina viatu vya ngozi ambavyo ndo kwanza nimevivaa mara ya tatu.

Hesabu ya siku ile ilikuwa hivi: katochi ilipona, simu kubwa ilikufa, cheti kimoja muhuri uliyeyuka ukawa wingu la zambarau, na viatu vilipona mvua vikaja kufa siku ya pili kwa mikono yangu mwenyewe. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza mafundi, kusoma na kujaribu vitu kwenye ndoo nyumbani mpaka watoto wananicheka, na hiki ndo nilichopata, nakuwekea kitu kwa kitu ulinganishe uchague mwenyewe, ingawa kila mahali ntakuambia mimi nachukua kipi.

Kabla ya yote, ni maji gani?

Mvua si sawa na mtaro. Sisi wa Bwaise tunajua, mtaro mkubwa wa Lubigi ukijaa yale maji yanayoingia ndani yamepitia vyooni kwanza, kwa hiyo kitu kilicholoa maji hayo hukimbilii kukikausha, unakisuuza kwa maji safi halafu ndo unakausha, la sivyo unakausha uchafu ndani yake. Soda na chai ya maziwa ni hivyohivyo, sukari inabaki inanata. Ziwa letu Nalubaale, yaani Victoria, maji yake ni baridi hayana chumvi, hapo tuna bahati kuliko ndugu zetu wa Mombasa, maana chumvi ikiingia kwenye simu inakula shaba haraka kupita maelezo.

Kaveera, mfuko wa zipu, begi la kukunja, au ndoo

Kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki wa dukani, ndo chaguo la kila mtu kwa sababu iko kila duka, hata baada ya serikali kupiga marufuku zile nyembamba za chini ya mikroni 30 tangu 2009 bado unafungiwa nyanya ndani yake. Shida yake si kwamba inapitisha maji, plastiki haipitishi, shida ni mdomo na vitobo. Ukifunga fundo la kawaida maji yanaingia kwenye mikunjo ya fundo, na kaveera iliyobeba nyanya asubuhi ina vitobo usivyoviona. Jaribu leo: ijaze maji, ining'inize juu ya beseni, utaona inavyolia matone. Ukiwa huna kingine, tumia mbili, ya kwanza unapotosha shingo kama kamba, unaikunja hiyo shingo chini unaifunga na raba, halafu unaigeuza kichwa chini ndani ya ile ya pili ili midomo isikutane. Hivyo inavumilia boda kutoka mjini. Haivumilii kuanguka ziwani.

Mfuko wa zipu, ule wa kubana kwa vidole, uko mbali sana na kaveera kwa vitu vidogo, simu, kitambulisho, pesa. Ila una tabia moja, kona. Watu wanabana katikati wanaacha kona wazi kidogo, na punje moja tu ya mchanga kwenye mstari wa zipu inatosha maji kupita. Toa hewa, bana, pitisha kidole mara mbili kutoka kona mpaka kona.

Zile pochi za plastiki za kuning'iniza shingoni ambazo unaweza kugusa simu ukiwa nje yake, mimi sizisemi vibaya, lakini sitii simu ndani kabla sijaweka tishu kavu peke yake nikaizamisha kwenye ndoo nusu saa na jiwe juu. Nilinunua mbili zinafanana kabisa, muuzaji mmoja, moja tishu ilitoka kavu na nyingine ilitoka uji.

Halafu kuna begi la kukunja mdomo, yale wanayotumia wale wa kupiga makasia kwenye Nile kule Jinja. Mpira mzito, mdomo unaukunja mara tatu au zaidi halafu unabana klipu. Bei yake inauma ukilinganisha na kaveera lakini kama kazi yako ni kubeba mizigo ya watu kwenye pikipiki, au unavuka kwenda Kalangala kila wiki na mtumbwi, nunua hili usahau mengine. Watu wanalikosea kwa kulijaza mpaka juu, halafu nafasi ya kukunja inabaki mara moja tu, hapo umejinunulia kaveera ya gharama.

Na nyumbani? Nyumbani ndoo ya rangi yenye kifuniko cha kubana ndo mfalme, na sifanyi mzaha. Ndoo ikifungwa vizuri haizami, inaelea. Mafuriko yakiingia usiku huna muda wa kutafuta bahasha, unajua tu vyeti, hati ya kiwanja, picha za harusi na pasipoti viko kwenye ndoo juu ya kabati. Weka karatasi zikiwa KAVU lakini, maana kitu kisichoingiza maji hakitoi maji pia, ukifungia karatasi yenye unyevu humo baada ya mwezi utakuta ukungu wa kijani.

Simu: hapa ndo watu wanapigana

Katochi na simu kubwa si mgonjwa mmoja. Katochi unafungua mgongo kwa ukucha, unatoa betri, laini na memori kadi, ndani ya sekunde kumi umeme umekatika, maji bila umeme hayana haraka ya kuharibu. Ndo maana yangu ilipona. Simu za sasa zimebandikwa gundi, betri huitoi, kwa hiyo ulichobaki nacho ni kuizima. Mimi nilifanya ujinga ambao kila mtu anaufanya, niliiwasha kuangalia kama inawaka, ikawaka! Nikafurahi nikaichomeka chaji. Hapo ndo niliiua, mvua haikuiua.

Sasa ulinganisho wenyewe.

Mchele kila mtu anaujua, shangazi, askari, mpaka padri atakuambia weka kwenye mchele. Mchele unavuta unyevu polepole mno, na unafunika matundu ambayo hewa ilitakiwa ipite. Juu ya hapo una unga, ule weupe unaobaki mkononi, unga huo ukikutana na maji kwenye tundu la chaji unakuwa gundi. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliandika kwenye maelekezo yao kwamba usitie iPhone kwenye mchele kwa sababu chembe ndogo za mchele zinaweza kuiharibu. Sikuishia hapo, nilikata sponji ya kuoshea vyombo vipande viwili vinavyolingana, nikavilowesha nikavikamua, kimoja nikakizika kwenye mchele kingine nikakiweka juu ya waya dirishani. Asubuhi yake cha dirishani kilikuwa kimekauka kikawa kigumu, cha kwenye mchele ukikibana kidole kinalowana. Na mchele wenyewe mke wangu alikataa kuupika.

Hewa na feni ni chaguo ambalo halina jina kubwa ndo maana watu hawaliamini. Unaizima, unatoa laini, unaifuta, unaigeuza tundu la chaji liangalie chini unaigongagonga kwenye kiganja matone yatoke, halafu unaiegemeza hivyohivyo mbele ya feni, au dirishani penye upepo kama umeme umekatika, tunajua nchi yetu. Kama kilicholoa ni tundu la chaji tu, subiri angalau nusu saa kabla ya kujaribu, na inaweza kufika siku nzima. Ikiwa ilizama, siku mbili usiiguse. Usichokonoe tundu na pamba wala kijiti cha masikio, unasukuma maji ndani.

Zile chembechembe zinazokuja ndani ya boksi la viatu, silika jeli, ni nzuri kuliko mchele kwa mbali, zinaweza kubeba maji ya kama theluthi ya uzito wake. Lakini angalia unachoshika, kipakiti kimoja cha gramu mbili kilichokaa wazi kwenye droo yako tangu mwaka jana kimeshashiba unyevu wa Kampala, hakifanyi kitu. Unahitaji konzi nzima, mbichi, kwenye kopo linalofunga, na simu iwe imeshapigwa hewa kwanza ikatoa maji ya juujuu. Kuna zile za rangi, bluu zikishiba zinageuka pinki, za rangi ya chungwa zinageuka kijani, hapo unajua. Unaweza kuzifufua kwa kuzikaanga taratibu, joto kama nyuzi 120 saa moja au mbili, ila zimwage kutoka kwenye kipakiti kwanza na utumie chombo usichopikia, na zile za bluu mimi nasema usikaange kabisa, rangi yake ni kobalti, si kitu cha kuleta jikoni kwa watoto.

Blowa ya saluni, jua la bati, sigiri: hapana, hapana, hapana. Blowa inasukuma matone ndani zaidi, na joto linalegeza gundi na kuumiza betri. iPhone kwa mfano haitakiwi hata kuhifadhiwa mahali panapopita nyuzi 45, na bati la Bwaise saa saba mchana unajua mwenyewe, huwezi kuweka mkono.

Fundi. Hapa ndo ningeenda moja kwa moja kama simu ilizama kweli, au iliingia choo, au maji yalikuwa ya mtaro, maana hewa inakausha maji tu, haiondoi kilichokuja na maji. Fundi mzuri anaifungua, anakata betri kwanza, anapiga mswaki ubao kwa spiriti ya asilimia 99, na utamuona anatafuta vidoa vya kijani au vyeupe, hiyo ni kutu ya shaba. Muulize spiriti yake ni ya ngapi, ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda ina maji karibu theluthi yake, unaosha maji kwa maji. Na nenda siku hiyohiyo, mimi nilienda baada ya siku nne za mchele, fundi akaangalia ubao akanyamaza, akaniambia tu "mzee, ungekuja Jumatatu".

Kidogo kuhusu wale wanaosema simu yangu ni ya kuzuia maji. Ile alama ya IP67 maana yake iliwekwa mita 1 dakika 30 kwenye maji safi yaliyotulia, ikiwa mpya. IP68 ni zaidi ya hapo lakini kampuni ndo inaamua zaidi kiasi gani. Hakuna aliyeipima na maji ya sabuni, wala baada ya wewe kubadilishiwa kioo mjini kwa gundi ya chupa. Ukishabadilisha kioo, ihesabu kama simu ya kawaida.

Karatasi

Kinga ya karatasi inaanza kabla haijawa yako, pale inapoandikwa. Ukiwa Nasser Road uliza, hiyo mashine ni ya wino au ya poda? Ya poda, leza, maandishi yanayeyushwa yakashika kwenye karatasi, ikiloa haichuji. Ya wino wa maji inachuja kama chai. Biro ya kawaida wino wake ni wa mafuta, unavumilia, zile kalamu za jeli zinazoandika vizuri, baadhi zinaondoka na tone la kwanza. Na mihuri, ole wako, cheti changu maandishi yote yalibaki, kilichoondoka ni muhuri, yaani kile kitu kimoja ambacho ofisi inaangalia.

Basi nikaanza kufikiria kulaminisha kila kitu. Kulaminisha kunazuia maji kweli, mradi aliyekata pembeni ameacha ukingo wa plastiki, akikata mpaka kwenye karatasi maji yanaingia yanatambaa ndani na huwezi tena kukausha. Ubaya ni kwamba huwezi kurudi nyuma, na karatasi haiwezi kupigwa muhuri mwingine wala kusainiwa. Na risiti, zile za karatasi laini za mashine ya benki au supamaketi, usithubutu, zinaandikwa kwa joto, ikipita kwenye mashine inatoka nyeusi yote kama usiku. Nilimuona mtu analia pale dukani na risiti ya jenereta yenye waranti. Kwa hiyo mimi: nakala nalaminisha, halisi naweka kwenye mfuko wa plastiki mgumu wa faili ndani ya ndoo, na picha ya kila kitu naiskani naitunza kwenye imeili.

Zikishaloa, jua au kivuli? Kivuli. Jua linakausha haraka lakini karatasi inajikunja kama bati lililopigwa upepo na rangi inafifia. Daftari la mtoto lisimamishe wima, kurasa zimefunguka kama feni, chomeka tishu kila baada ya kurasa kumi hivi, badilisha zikilowa, na upepo upite. Kitabu chenye karatasi za kung'aa kina haraka kuliko vyote, kikikauka kimefungwa kurasa zinashikana kama tofali. Ukungu hausubiri, siku mbili tu unaanza, sasa kama vimeloa vingi na huwezi kuvishughulikia vyote, tia kwenye mfuko uweke kwenye friza. Ndio, na nyama. Maktaba kubwa duniani ndivyo zinavyofanya, barafu inasimamisha ukungu na wino, halafu unatoa kimoja kimoja kwa nafasi yako.

Picha za zamani zikishikana zikiwa mbichi usizivute na usiziache zikauke zimeshikana. Ziloweke kwenye maji safi ya baridi zijiachie zenyewe, zianike uso juu.

Viatu: gazeti au sigiri

Viatu vyangu vya ngozi niliviweka pembeni ya sigiri usiku, kama mama alivyokuwa akifanya na viatu vyetu vya shule Jumapili jioni. Asubuhi vilikuwa vikavu kweli. Vilikuwa pia vimekakamaa, kidole gumba hakiingii, na nilipokunja cha kulia kikapasuka pale pale kinapokunjika, soli ikacheka. Ngozi ikikaukia motoni inapoteza mafuta yake na maji kwa pamoja, inasinyaa, na gundi ya soli inalegea. Na kuna jambo kubwa kuliko viatu: sigiri ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa usiku inatoa kaboni monoksidi, haina harufu, na watu hawaamki. Kiatu hakifai hiyo bei.

Gazeti linashinda hapa bila ubishi. Bukedde ya jana, kunja laini, jaza mpaka puani mwa kiatu, toa soli ya ndani ikauke peke yake, lete kiatu kivulini kikiwa kimelala ubavu ili soli ipate hewa. Siri ni kubadilisha, saa ya kwanza gazeti linatoka limeloa tepetepe, ukiliacha humo usiku kucha umekifunga kiatu na kitambaa kibichi. Mimi nabadilisha mara tatu jioni moja, halafu moja ya kulala nalo, siku ya pili kiatu kiko sawa, napaka mafuta au polishi kikiwa bado na unyevu kwa mbali sana. Kiatu cheupe tumia tishu, wino wa gazeti unahamia.

Raba za kitambaa hazina makuu, toa kamba, anika, jua la asubuhi ni sawa. Gambuti nje hailoi ila ndani jasho na maji havitoki, gazeti tena, na isimamishe kichwa chini kwenye mti wa fagio.

Godoro

La sponji, maji ya mvua: likanyage likamuke, lisimamishe kwa ubavu usililaze, jua kali hapa linaruhusiwa, geuza kila baada ya saa mbili, hesabu siku mbili au tatu na ulipime kwa kulibana katikati na karatasi, si kwa kupapasa juu. Maji ya mtaro: jirani yangu, mama mmoja wa Kikongo, alilifua lake na Omo mara tatu, akalianika juu ya bati wiki nzima, likanukia vizuri kabisa. Mvua iliyofuata hewa ikawa nzito, usiku akaniita, "baba, njoo unuse." Asubuhi tulilibeba wawili mpaka kwenye takataka.